Kura ya Bibi ni ya Bibi Mwenyewe

SOMO LA URAIA: Lugha zetu na haki ya kupiga kura

Ndugu wanakisomo na wasomaji wetu wote wa Mbulu na Hanang, leo tuna somo juu ya kura. Pengine mtasema, "Mbona uchaguzi umekwisha?" Ni kweli. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 29 Oktoba 2025. Kwa kawaida kila mmoja hurudi baada ya miaka mitano. Lakini mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo aanze kutafuta jembe. Tujifunze sasa, wakati hakuna kelele za kampeni, tupate kuelewana bila kugombana.

Swali letu la leo ni hili: mtu asiyejua Kiswahili, au anayejua kile kidogo cha mnadani tu, atapigaje kura yake mwenyewe?

Tunasema "yake mwenyewe". Kushika karatasi na kuitumbukiza katika sanduku ni kazi rahisi, hata mtoto anaiweza. Kazi kubwa ni kujua unamchagua nani, kwa kazi gani, na kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyekuchagulia.

WILAYA ZETU NI ZA LUGHA NYINGI

Tutazame kwanza sisi ni nani. Wairaqw wako Mbulu mjini, Dongobesh, Haydom na sehemu nyingi za Hanang. Wadatoga, na hasa Wabarabaig, wako kuuzunguka mlima Hanang, Katesh na Basotu. Wahadzabe wako Yaeda Chini na Mongo wa Mono. Wapo pia Wanyaturu na Wanyiramba, ambao wengi wao wako upande wa Singida.

Lugha hizi hazifanani hata kidogo. Wataalamu wa lugha wanasema Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatoga ni lugha ya Kinailoti. Kinyaturu na Kinyiramba ni lugha za Kibantu, kama Kiswahili. Na Kihadza hakina ndugu anayejulikana, kinasimama peke yake. Mahali ambapo lugha za namna nne hivi zinakaa jirani ni pachache sana katika Afrika.

Jambo hili lina maana kwetu. Mnyaturu akijifunza Kiswahili anakuta maneno mengi yanafanana na ya kwao. Lakini mzee wa Kiiraqw, au mama wa Kibarabaig, hakuti kitu cha kushika. Anaanza upya kabisa, kama mtu anayefyeka pori. Basi tusimcheke mtu wa namna hiyo. Si mjinga. Njia yake ilikuwa ndefu kuliko ya wengine.

Somo hili halipingi Kiswahili. Kiswahili kimetuunganisha. Sisi sote tulisoma kisomo kwa Kiswahili, na gazeti hili mnalisoma kwa Kiswahili. Lakini tukubali kwamba bado wako wazee wetu, na hasa akina mama waliobaki nyumbani na mifugo, ambao hawakupata nafasi hiyo. Nao ni raia kama sisi.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 5, inasema kwamba kila raia wa Tanzania aliyetimiza umri wa miaka 18 anayo haki ya kupiga kura. Kisha inataja sababu ambazo Bunge linaweza kuzitumia kumzuia mtu. Sababu hizo ni kama kuwa na uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, makosa fulani ya jinai, au kushindwa kuthibitisha umri, uraia au kuandikishwa kwake.

Je, lugha imo katika orodha hiyo? Haimo. Kutojua kusoma kumo? Hakumo. Kwa hiyo mtu akimwambia mama yako, "Wewe hujui Kiswahili, kaa nyumbani," mtu huyo hasemi maneno ya sheria. Anasema yake.

Lakini mambo hayakuwa hivi siku zote. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, kabla ya Uhuru, mtu hakuandikishwa ila awe anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au awe na kipato cha paundi 75 kwa mwaka, au awe na cheo. Mama asiyesoma, asiye na kipato hicho wala cheo, aliachwa nje. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1962 sharti hilo halikuwapo tena. Watu wazima wote walio raia waliruhusiwa.

Na mwaka huo wa 1960 Mbulu ilipata jina nchi nzima. TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja tu ndicho kilichokwenda kwa mtu ambaye hakuwa mgombea rasmi wa chama, nacho kilikuwa cha Mbulu. Ndugu Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwanachama wa TANU, alisimama mwenyewe akamshinda mgombea rasmi, Chifu Amri Dodo. Hatusemi nani alikuwa bora. Tunachosema ni kwamba watu wa Mbulu walikuwa na mawazo yao, na kura iliyasema wazi. Lakini kumbuka: wengi wa watu wazima wa siku zile hawakuwamo katika hesabu hiyo.

PICHA ZINASAIDIA, LAKINI HAZITOSHI

Nchi yenye watu wengi wasiosoma hutafuta njia. India ilipofanya uchaguzi wake mkuu wa kwanza, mwaka 1951 na 1952, kila chama kilipewa alama ya picha ili asiyesoma aitambue. Sisi nasi, tangu uchaguzi wa 1965, wagombea ubunge wawili wa jimbo walipewa alama. Mmoja alipewa jembe, mwingine nyumba. Wazee wengi wanakumbuka mpaka leo: "Mimi nilipigia jembe."

Siku hizi, katika uchaguzi mkuu, karatasi ya kura ina picha ya mgombea, jina lake, na jina na alama ya chama chake. Hili ni jambo jema. Mtu asiyejua hata herufi moja anaweza kuitambua sura.

Lakini picha haisemi. Haikwambii kwamba karatasi hii ni ya Rais, hii ya Mbunge na hii ya Diwani. Haikwambii kwamba ukiweka alama kwa wagombea wawili katika karatasi moja, kura yako imeharibika. Wala picha haikwambii yule mtu ameahidi nini juu ya maji, malisho na zahanati. Hayo yanasemwa kwa maneno, na maneno yanasemwa kwa Kiswahili.

Mwaka 1965 kanuni za kampeni ziliwataka wagombea waseme Kiswahili tu, wala wasitafute kura kwa kutaja kabila, dini au rangi. Sababu yake ilikuwa nzuri. Taifa lilikuwa changa, na ukabila ungeweza kulivunja. Lakini asiyeelewa Kiswahili alisimama juani saa nzima, akarudi nyumbani na vumbi tu. Mambo mawili haya ni lazima tuyashike pamoja: tukatae ukabila, na tumfikishie kila raia habari kwa lugha anayoielewa. Kumweleza bibi kwa Kidatoga namna ya kupiga kura si ukabila. Ukabila ni kumwambia, "Mchague huyu kwa sababu ni Mdatoga mwenzetu."

VIZUIZI VITATU

Mtu asiyejua Kiswahili hukutana na vizuizi vitatu. Tuvitazame kimoja kimoja.

Cha kwanza ni jina. Majina yetu yana sauti ambazo Kiswahili hakina. Kiiraqw kinaandikwa kwa "hh", "tl", "sl" na "q". Wadatoga wana majina mengi yanayoanza na Gida kwa wanaume na Uda kwa wanawake. Karani aliyetoka mkoa mwingine anasikia jina, anaandika kama alivyosikia. Mama hawezi kusoma, hivyo hawezi kusahihisha. Siku ya kura jina linatafutwa, halionekani.

Dawa yake iko mikononi mwenu, ninyi mnaosoma. Kabla mzee hajakwenda kujiandikisha, mwandikieni jina lake vizuri kwenye karatasi akamwonyeshe karani. Akipewa kadi, isomeni papo hapo. Na daftari la awali linapobandikwa wazi, nendeni mkatafute majina ya wazee wenu. Likiwa na kosa, semeni mapema, lisahihishwe.

Kumbukeni pia kwamba kuna uandikishaji wa namna mbili. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la uchaguzi mkuu, nalo liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake, inayoandikwa kule kwenye kitongoji. Wengi wanasema, "Mimi nina kadi, yatosha," kumbe kwa uchaguzi wa kijiji hawamo.

Cha pili ni maelezo. Haya tuyatoe nyumbani, kwa lugha ya nyumbani, siku nyingi kabla ya kura. Tutaonyesha namna ya kufanya hapa chini.

Cha tatu ni siku yenyewe ya kura. Kituoni kila kitu ni Kiswahili. Bibi anaogopa, anasukumwa na foleni, anaona haya kuuliza. Hapa sheria inamsaidia. Mpiga kura asiyejua kusoma, au asiyeona, au mwenye ulemavu, anaweza kwenda na mtu anayemwamini amsaidie. Mtu huyo anachaguliwa na mpiga kura mwenyewe. Haruhusiwi kuwa msimamizi wa kituo wala wakala wa chama. Basi mkiingia tu, mwelezeni msimamizi wa kituo: "Huyu ni bibi yangu, hasomi, amenichagua nimsaidie." Semeni kwa adabu, lakini semeni.

MAZUNGUMZO: BIBI NA MJUKUU

Tusome mazungumzo haya kwa sauti, watu wawili wawili. Ni mfano tu tulioutunga. Bibi na mjukuu wako nyumbani, karibu na Basotu. Wamekwisha kuamkiana kwa Kidatoga, na mazungumzo yao ni ya Kidatoga. Sisi tumeyaandika kwa Kiswahili.

MJUKUU: Bibi, nimechora karatasi. Tazama. Hapa kuna ng'ombe, hapa mbuzi, hapa punda. Kila mmoja ana kisanduku chake kitupu.

BIBI: Umechora punda mbaya sana, mjukuu wangu.

MJUKUU: Haya bibi, nivumilie. Tuseme hawa wanagombea. Wewe unamtaka mmoja. Unaweka alama ya vema katika kisanduku chake, mmoja tu.

BIBI: Aa, mimi namtaka ng'ombe. Mbuzi anakula mpaka...

MJUKUU: Usiniambie, bibi! Ni siri yako. Mimi nageuka nyuma. Weka alama, kunja karatasi, tumbukiza ndani ya kibuyu kile.

BIBI: Haya, tayari. Lakini siku yenyewe sitajua kusoma majina. Wewe utanionyesha wa kumpigia.

MJUKUU: Sitakuonyesha wa kumpigia. Nitakusomea majina yote, kuanzia juu mpaka chini, bila kuruka. Nitakwambia huyu ni wa chama gani na anataka kazi gani. Kisha wewe utanyoosha kidole.

BIBI: Nikimnyooshea yule usiyempenda wewe?

MJUKUU: Utaweka alama yako hapo hapo. Mimi nitatoka nje nimefunga mdomo.

BIBI: Hata babu yako akikuuliza?

MJUKUU: Hata babu.

BIBI: Kumbe! Basi nitakwenda na wewe.

Mazungumzo yanaishia hapo. Je, mmeona mjukuu alifanya mambo gani? Alitumia wanyama, hakutumia picha za wagombea wala vyama. Alimwacha bibi ajizoeze kwa mkono wake mwenyewe. Aliahidi kumsomea yote, si nusu. Na aliahidi kutunza siri.

Hapa ndipo penye hatari kubwa, nasi tuiseme wazi. Mtu anayejua kusoma ana nguvu juu ya asiyejua. Anaweza kusoma jina moja tu na kuyaacha mengine. Anaweza kusema, "Huyu ndiye uliyemtaja," na kumbe siye. Bibi hatajua mpaka anakufa. Huo ni wizi, sawa na kuiba ng'ombe zizini usiku. Tena ni mbaya zaidi, kwa sababu ng'ombe akiibwa mwenye mali anajua na anapiga yowe.

Kwa hiyo mtu akikusanya wazee wengi na kusema, "Mimi nitawasaidia wote hawa," mtazameni vizuri. Kila mzee ana mtoto wake, mjukuu wake au jirani yake anayemwamini. Na achague huyo.

KURA NDOGO, MAMBO MAKUBWA

Wengine husema, "Rais yuko Dodoma, kura ya bibi itamfikia wapi?" Basi tuache Rais, tutazame kijiji. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Maana yake ni kwamba mkono wa bibi ukiinuka, au usipoinuka, malisho yanabaki au yanakwenda.

Hanang inajua uchungu wa ardhi. Miaka ya 1970 na 1980 mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua karibu ekari laki moja katika nchi ya Wabarabaig. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Kilishinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kisha mwaka 1985 kikashindwa katika Mahakama ya Rufani. Hatusemi kwamba lugha ndiyo iliyowaponza. Tunasema kwamba mambo ya namna hii huamuliwa kwa maneno na makaratasi, na asiyeyaelewa hupata habari trekta limekwisha kufika. Kwa upande mwingine, mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya pamoja ya kulinda ardhi yao. Nalo lilipita katika vikao na makaratasi.

Basi katika mkutano wa kijiji, mtu asione haya kusema, "Mwenyekiti, tunaomba mtu atutafsirie." Mwenyekiti akae kimya kidogo, jambo lielezwe kwa Kiiraqw, au Kidatoga, au Kihadza, kisha mikono iinuliwe. Mkutano utachelewa kidogo, lakini uamuzi utakuwa wa kijiji kizima.

WENZETU WANAFANYAJE?

Msidhani shida hii ni yetu peke yetu. Marekani ni nchi tajiri, lakini wako raia wake wengi wasiojua Kiingereza vizuri. Mwaka 1975 Bunge lao liliongeza vifungu katika sheria ya haki ya kupiga kura. Mahali penye wapiga kura wengi wa lugha fulani, karatasi za kura na maelezo yake lazima yatolewe kwa lugha hiyo pia. Na kama lugha hiyo kwa asili haiandikwi, kama zilivyo lugha nyingi za wenyeji wa asili wa nchi ile, lazima wawepo watu wa kueleza kwa mdomo. Wanavajo, ambao kwa jadi ni wafugaji wa kondoo, ni miongoni mwa wanaosaidiwa hivyo.

Sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Lakini midomo tunayo, na kila kijiji kina watu wanaojua Kiswahili na lugha ya nyumbani. Watu hao ni ninyi. Kisomo mlichokipata si cha kusomea barua zenu tu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mgombea: mtu anayeomba kuchaguliwa.
Kituturi: mahali palipofichwa pa kuwekea alama kwenye karatasi ya kura.
Wakala: mtu aliyewekwa na chama kuangalia mambo kituoni.
Kura iliyoharibika: kura isiyohesabiwa, kwa mfano yenye alama kwa wagombea wawili.
Alama ya vema: alama kama ile ambayo mwalimu huweka kwenye jibu sahihi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katiba inataka mpiga kura awe na umri gani? Je, inamtaka ajue Kiswahili?
2. Kwa nini mjukuu alitumia picha za wanyama?
3. Msaidizi wa mpiga kura akikataa kusoma majina mengine, bibi afanye nini?
4. Kuna tofauti gani kati ya kueleza kwa lugha ya kabila na kufanya ukabila?
5. Katika kijiji chenu, mkutano mkuu hutafsiriwa? Kama hapana, nani aombwe kufanya kazi hiyo?

KAZI YA NYUMBANI

Chora karatasi ya kura yenye wanyama watatu. Mwendee mzee mmoja asiyejua Kiswahili, umweleze kwa lugha yake mpaka aweze mwenyewe. Kisha tazama kadi yake ya mpiga kura, kama anayo, na umwulize: "Jina hili nimelisoma sawasawa?" Akisema si sawa, liandike vizuri kwenye karatasi na umwekee pamoja na kadi, mpaka siku ya kurekebisha daftari.